Nguzo Tatu za Kwanza: Jibu kwa Mwanafunzi Aliyepima Umri wa Myuoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa tatu, fizikia. Mimi na mwenzangu tumepewa zoezi la maabara la kupima umri wa wastani wa myuoni, chembe za miale ya kosmiki, kwa debe la plastiki ya sintileta, ile inayotoa mmweko chembe inapoipita. Tumeuacha mtambo ukihesabu siku 10, ukipata mapigo kama 8 kwa sekunde, na tukakusanya matukio 9,500 kwenye dirisha la mikrosekunde 20. Tulipoondoa usawa wa chini (jozi za nasibu zisizo za myuoni kuoza) na kukokotoa, tulipata umri wa mikrosekunde 1.87, hitilafu 0.03. Kitabu kinasema 2.197. Mwenzangu akaondoa nguzo mbili za kwanza za histogramu, jibu likapanda hadi 2.06. Akaondoa tano, likawa 2.18, akasema hapa ndipo tuishie. Roho yangu haijatulia. Ni halali, au tunapika data? Nguzo sita za mwanzo ni 1,790, 1,640, 1,010, 712, 598 na 490, kila moja ina upana wa mikrosekunde 0.4. Na tukienda mlimani, umri utabadilika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Najua tarehe ya kukabidhi ripoti haisubiri mtu, kwa hiyo natanguliza jibu kabla ya maelezo. Ile 1.87 haikuletwa na bahati mbaya. Kukata nguzo za mwanzo ni halali, ila sababu aliyoitumia mwenzako siyo. Na ile 2.197 mnayoikimbilia si namba ambayo debe lenu lingetoa, hata kama kila kitu kingekuwa sawasawa.

La bahati tulimalize haraka. Mkiwa na matukio elfu nane na kitu baada ya kuondoa usawa wa chini, hitilafu ya takwimu ni umri wenyewe ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: unapata 0.02 na ushei, na ukiweka na shaka ya usawa wa chini ndiyo hiyo 0.03 yenu. Kutoka 1.87 hadi 2.197 ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Ingekuwa mara moja na nusu ningekuambia andika uende zako. Mara kumi maana yake kuna kitu ndani ya sanduku.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mtambo huu, picha ni hii. Miale ya kosmiki inapopiga hewa ya juu, kilomita 15 hivi kutoka ardhini, huzaa chembe nyingi, na mojawapo ni myuoni: jamaa wa elektroni, mzito mara 207. Usawa wa bahari inapita kama myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Nyoosha kiganja chako sasa hivi. Inapita moja au zaidi kila sekunde, wala huna habari. Nyingi hulitoboa debe na kuendelea na safari. Chache zilizochoka husimama ndani ya plastiki. Inaposimama, plastiki inatoa mmweko mdogo, mrija wa fotomaltiplaya unaugeuza kuwa pigo la umeme, na saa inaanza kuhesabu. Baada ya muda myuoni inaoza na kuwa elektroni na nyutrino mbili, elektroni inatoa mmweko wa pili, saa inasimama. Ule muda kati ya mimweko miwili ndio data yenu. Hakuna kingine.

Sasa angalia wingi wenyewe. Siku 10 ni sekunde 864,000. Mara mapigo 8, ni mapigo milioni 6.9. Kati ya hayo mmepata jozi 9,500 tu. Yaani mnatafuta jambo linalotokea kama mara moja katika kila elfu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa: mtambo unaosema kweli mara 999 katika elfu bado unaweza kuwaharibia kazi yote.

Jozi zisizo za kweli ni za aina mbili, na kila aina inavuta jibu upande wake.

Ya kwanza ni sadfa: myuoni inapita, na kabla mikrosekunde 20 hazijaisha nyingine isiyohusiana nayo inapita pia. Hii inahesabika kwa kalamu. Kila pigo lina nafasi ya 8 mara mikrosekunde 20, yaani 0.00016, ya kufuatwa na jingine. Zidisha kwa mapigo milioni 6.9, unapata sadfa 1,106. Zinatapakaa bapa kwenye nguzo zote 50, kama 22 kwa kila nguzo. Mtu asipoziondoa, umri unatoka mrefu kuliko ukweli, si mfupi. Kwa hiyo hizi sizo zilizowashusha hadi 1.87, labda kama mmeziondoa kupita kiasi. Njia ya kujikagua ni rahisi: jumlisha nguzo ya 31 hadi ya 50. Huko mwishoni myuoni zenyewe zilizobaki hazifiki 30, na sadfa zinapaswa kuwa kama 442. Jumla ikija karibu na 467, hapo mko salama. Ikija 380, uliza kama umeme ulikatika. Mtambo uliolala siku mbili haukuhesabu siku 10, na kanuni ile inataka sekunde ambazo mtambo ulikuwa hai, si siku za kalenda.

Aina ya pili ndiyo ninayoishuku. Ondoa 22 kwenye kila nguzo uliyonitumia, zinabaki 1,768, 1,618, 988, 690, 576 na 468. Kama ni myuoni tupu, kila nguzo inatakiwa ibaki na asilimia 83 ya ile iliyoitangulia, ngazi kwa ngazi, toka mwanzo mpaka mwisho. Zenu zinafanya nini? Kutoka ya kwanza kwenda ya pili inabaki 0.92. Ya pili kwenda ya tatu, 0.61. Ya tatu kwenda ya nne, 0.70. Ya nne kwenda ya tano, 0.83. Ya tano kwenda ya sita, 0.81. Umeiona? Kuanzia nguzo ya nne ngazi zinashuka kama inavyotakiwa, mle mle ndani ya kuyumba kwa takwimu. Kabla ya hapo kuna kilima kimepanda juu ya mteremko, na kilele chake kiko karibu na nusu mikrosekunde.

Kilima hicho nimekutana nacho mara nyingi, hasa kwenye mirija ya zamani. Ndani ya mrija kunatakiwa kuwe na ombwe, lakini hakuna ombwe kamili. Atomu za heliamu hupenya kioo polepole miaka inavyokwenda. Pigo kubwa linapopita, elektroni zinagonga mabaki ya gesi na kuacha ayoni, yaani atomu zenye chaji. Ayoni ni nzito, inarudi nyuma taratibu hadi kwenye kathodi ya mwanga, ule uso unaogeuza mwanga kuwa elektroni, inaipiga, na mrija unatoa pigo la pili ambalo hakuna mmweko wowote ulioliita. Naliita mwangwi wa mrija. Ucheleweshaji wake ni wa mamia ya nanosekunde hadi mikrosekunde moja na zaidi, kutegemea aina ya gesi, umbo la mrija na volti mlizoweka. Saa yenu haijui kutofautisha. Kwake ni myuoni iliyooza mapema.

Ni mingapi? Kwa makadirio yangu, nguzo tatu za kwanza zimebeba mwangwi kama 1,300: 550, 600 na 150 hivi. Chukua myuoni 7,100 zenye umri wa 2.12, changanya na mwangwi 1,300 wenye wastani wa nusu mikrosekunde, piga wastani. Unapata 1.87. Sikulazimisha, hesabu imejileta yenyewe. Na gawanya milioni 6.9 kwa 1,300: mrija wenu umesema uongo mara moja tu katika kila mapigo 5,300. Kwa kazi nyingine yoyote ningekwambia huo ni mrija mzuri.

Lakini hadi hapa haya ni maneno yangu, na mimi sijauona mtambo wenu. Msiandike "mwangwi" kwenye ripoti kwa sababu mtu fulani kawaambia. Upimeni. Chukueni taa ndogo ya LED, ificheni na debe chini ya kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga, iendesheni kwa jenereta ya mapigo mara 1,000 kwa sekunde. Punguzeni mwanga mpaka pigo lake kwenye osiloskopu lilingane kimo na pigo la myuoni, maana pigo kubwa linazaa mwangwi zaidi. LED haiozi. Kwa saa mbili tu mtakuwa na mimweko milioni 7.2, sawa na siku zenu 10 za myuoni, na jozi yoyote ya muda mfupi itakayozidi usawa bapa wa sadfa ni ya mrija. Kilima kikitokea palepale, kesi imekwisha. Kisha shusheni volti 50, rudieni. Mwangwi unapaswa kupungua kuliko mapigo ya kweli yanavyopungua. Kisipotokea kabisa, tafuteni kwingine: kebo ambayo mwisho wake haukufungwa kwa kipingamizi cha omu 50 hurudisha pigo, ingawa mita moja ya kebo ni nanosekunde 5 tu, kwa hiyo ingehitaji kebo ndefu ya ajabu kufika nusu mikrosekunde.

Nikupe kisa kimoja, chuo sikitaji. Tulikuwa na mtambo kama wenu ambao kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, idadi ya jozi fupi ilipanda kwa dakika kumi, halafu ikatulia. Jumamosi na Jumapili, kimya. Mwanafunzi mmoja alishaanza kuniandikia nadharia kuhusu jua. Ilikuwa birika la chai ya ofisi ya jirani, waya wake umeunganishwa kwenye laini ileile ya umeme. Tuliligundua kwa sababu programu iliandika saa ya kila tukio, si muda kati ya mimweko tu. Kama yenu haiandiki saa ya tukio, ombeni ibadilishwe.

Turudi kwa mwenzako na mkasi wake. Mteremko wa kipeo una sifa moja nzuri sana: hauna kumbukumbu. Myuoni iliyokwisha kuishi mikrosekunde 3 ndani ya plastiki ina matumaini yaleyale ya kuishi kama iliyosimama sasa hivi. Kwa hiyo unaweza kuanza kusoma mteremko popote, na umri unaotoka ni uleule. Mnachopoteza ni idadi tu, na hitilafu inakua. Ndiyo maana kukata mwanzo si dhambi. Dhambi ni kukata, kuchungulia jibu, kukata tena, kuchungulia, na kuacha siku kitabu kinapocheka. Mkifanya hivyo hamjapima umri wa myuoni, mmepima uvumilivu wenu.

Fanyeni hivi. Choreni umri dhidi ya idadi ya nguzo mlizokata mwanzoni: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, zote, pamoja na hitilafu zake. Mtaona nukta zinapanda halafu zinakaa bapa. Matarajio yangu ni kwamba ubapa unaanzia nguzo ya nne, yaani baada ya mikrosekunde 1.2. Nukta za kwenye ubapa zikipanda na kushuka kidogo msishtuke, wala msizichukue kama vipimo vinane tofauti. Ni data ileile, kila nukta ikiwa imemezwa na iliyotangulia. Mahali pa kukata pachagueni kwa kipimo cha LED, kabla ya kutazama umri, na muandike hivyo. Mkianzia 1.2 mtabaki na matukio 4,000 na kitu, na hitilafu ya 0.04. Ni kubwa kuliko ile 0.03, lakini hii itakuwa ya kweli.

Na hapo nadhani mtapata kitu kama 2.1, na mwenzako atanuna. Asinune. 2.197 ni umri wa myuoni iliyo huru. Kipimo bora kabisa cha umri huo kilifanywa na jaribio la MuLan kwenye taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi: myuoni chanya (zenye chaji chanya) peke yake, zaidi ya trilioni moja, na jibu mikrosekunde 2.1969803. Debe lenu halichagui. Katika miale ya kosmiki usawa wa bahari, kwa kila myuoni hasi 10 kuna chanya 13 hivi. Chanya ikisimama kwenye plastiki inasubiri kuoza tu. Hasi inavutwa na kiini cha kaboni, inakaa kwenye mzunguko wa ndani kabisa kama elektroni iliyonenepa, na mara chache kiini kinaimeza kabla haijaoza. Umri wake kwenye kaboni ni 2.026. Changanya kwa uwiano huo, wastani ni kama 2.12. Hiyo ndiyo namba ya debe lenu. Ile 2.18 iliyowafurahisha iko juu ya ukweli wa plastiki. Ni kuyumba kwa takwimu tu kumesogea upande wa kitabu.

Jambo hili la hasi na kaboni lina historia ambayo natamani kila maabara ingeibandika ukutani. Mwaka 1943, baada ya mabomu kuangukia mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwezi Julai, Marcello Conversi na Oreste Piccioni walihamisha vyombo vyao kutoka chuo kikuu hadi kwenye shule ya sekondari karibu na Vatikani, wakiamini pale pana usalama zaidi. Waliendelea kupima myuoni katikati ya vita, kwa mirija ya redio na vihesabio vya Geiger. Baadaye akaungana nao Ettore Pancini. Walipotumia chuma, myuoni hasi zilimezwa na viini, kama nadharia ya wakati ule ilivyotaka. Walipobadilisha chuma kwa kaboni, hasi zikawa zinaoza kana kwamba viini havipo. Matokeo hayo ya 1947 ndiyo yaliyoonyesha kwamba chembe hii siyo ile aliyoitabiri mwanafizikia wa Japani, Yukawa, ya kushikilia kiini. Basi plastiki yenu inafanya kazi kwa sababu kaboni ni mpole kwa myuoni hasi, na jibu lenu linapungua kidogo kwa sababu upole huo una mpaka. Debe lingekuwa la chuma, umri wa hasi ungekuwa kama mikrosekunde 0.2 tu.

Kama mnataka kutiwa moyo, angalieni pia namba za waliotangulia. Franco Rasetti, 1941: 1.5, hitilafu 0.3. Norris Nereson na Bruno Rossi, 1943: 2.15, hitilafu 0.07. Ya Rasetti iko zaidi ya hitilafu mbili chini ya kitabu cha leo na hakuna anayemcheka, kwa sababu aliandika alichopima na jinsi alivyopima.

Mambo madogo mawili. Saa yenu mmeithibitisha? Ingizeni mapigo mawili ya jenereta yenye umbali wa mikrosekunde 1, 5, 10 na 15, muone programu inasema nini. Ni kazi ya nusu saa, na saa iliyo nyuma kwa asilimia 3 inakula 0.06 bila kelele. La pili, msiondoe sadfa kwanza halafu mkafiti, yaani mkalinganisha mteremko na data. Wekeni usawa wa sadfa kama kigezo cha tatu ndani ya fiti, pamoja na umri na idadi ya myuoni, tumieni njia ya uwezekano mkubwa wa Poisson badala ya miraba midogo inayoipa kila nguzo hitilafu ya kipeuo cha pili cha hesabu yake, kwa sababu njia hiyo ya pili hupunja karibu hesabu moja kwa kila nguzo, na kwenye nguzo zenye 22 tu hilo si dogo. Ile 1,106 iacheni nje, iwe shahidi: fiti ikisema 22 bila kuambiwa, mna furaha halali.

Mkitaka ulinzi dhidi ya tamaa ya kitabu, mwombeni mhadhiri azidishe muda wenu wote kwa namba ya siri, tuseme kati ya 0.9 na 1.1, kabla hajawapa faili. Mkamilishe kila kitu, mkubaliane pa kukata, ndipo afungue bahasha. MuLan walifanya jambo la aina hiyohiyo: wachambuzi walifichwa kasi halisi ya saa hadi kazi ilipokwisha. Mwenzako atakosa pa kuishia, na ninyi mtaacha kubishana.

Uliuliza pia mwishoni mwa barua yako kama mkienda mlimani umri utabadilika. Umri hapana, myuoni iliyosimama ndani ya debe inaishi vilevile Tanga na Lushoto. Kitakachobadilika ni wingi. Na hapo pana zoezi jingine kabisa. Einstein alisema saa ya kitu kinachokwenda kasi huenda polepole. Myuoni isiyoongezewa muda hivyo na mwendo wake ingesafiri kwa wastani mita 660 tu hata ikikaribia kasi ya mwanga, na kati ya Lushoto na baharini kuna karibu mita 1,400 za kushuka. Wanafizikia Frisch na Smith walilifanya hilo kwenye mlima Mount Washington, Marekani, matokeo yakatoka 1963: myuoni 563 kwa saa kule juu, 408 usawa wa bahari. Ila kwanza nitumie ile jumla ya nguzo ya 31 hadi ya 50.